Moto Ndani ya Nyumba: Habari za Jiko la Mkaa Katika Karagwe na Kyerwa

(Somo hili lilisomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili mlisome tena, polepole, pamoja na mwalimu wenu.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo tutasoma habari za kale, lakini si habari za vita. Tutasoma habari za kitu kilichomo katika kila nyumba, nacho ni moto. Tutauliza maswali matatu. Wazee wetu walipataje joto ndani ya nyumba zao? Jiko la mkaa lilifikaje kwetu? Tena, kwa nini moto uliowalea babu zetu unaweza leo kuua watu wa nyumba nzima usiku mmoja, bila kelele na bila moshi?

Swali la tatu ndilo kubwa. Lakini yasikilizeni kwa makini yale mawili ya kwanza, maana jibu la swali la tatu limo ndani yake.

1. NCHI YETU NI NCHI YA BARIDI

Mtu wa pwani akitazama ramani na kuona kwamba Karagwe na Kyerwa ziko karibu na Ikweta, hudhani kwamba huku kuna joto kali. Hajui kwamba nchi yetu imeinuka. Mahali pengi pana urefu wa mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, mbingu ikiwa haina mawingu, usiku huwa na baridi, na asubuhi ukungu hulala mabondeni.

Jambo hilo liliwashangaza wageni tangu zamani. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakapokewa vizuri na Mukama Rumanyika. Siku zile Karagwe ilikuwa nchi moja kubwa. Wilaya ya Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe baadaye sana, mwaka 2012. Wasafiri wale walikuwa na watu waliotoka Unguja, walioitwa Wangwana. Speke aliandika kwamba Wangwana walitetemeka kwa baridi, hata wakadhani wamekaribia Uingereza, maana hawakupata kusikia habari za nchi nyingine yenye baridi.

Basi, kama mgeni alitetemeka, mwenyeji aliishije?

2. NYUMBA ILIYOPUMUA

Tuitazame nyumba ya wazee. Wanyambo, kama jirani zao Wahaya, walijenga nyumba ya msonge, yaani nyumba ya mviringo iliyochongoka juu. Iliezekwa kwa nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, hata mtu aliyeitazama kwa mbali aliona nyasi tu. Haikuwa na madirisha. Ndani iligawanywa kwa viambaza vya matete. Sakafuni walitandika nyasi, na mara nyingi mifugo nayo ililala humo humo.

Joto la nyumba hiyo lilitoka wapi? Wengi mtajibu upesi, "Lilitoka motoni." Ni kweli, lakini ni robo tu ya jibu. Joto lilitoka katika mambo manne.

Kwanza, paa lilikuwa nene. Katikati ya nyasi nyingi mna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Blanketi nalo hufanya kazi namna hiyo hiyo. Pili, nyasi za sakafuni zilimtenga mtu na udongo wa baridi. Tatu, ng'ombe na mbuzi walitoa joto la miili yao usiku kucha. Moto wa kuni uliokuwa katikati ya mafiga ulikuwa jambo la nne.

Moshi wa moto ule ulipanda juu, ukapenya katika nyasi, ukatoka nje. Ulipopita uliacha masizi meusi juu ya miti ya paa, na wadudu walaji wa miti wakakimbia. Hewa mpya iliingia mlangoni na katika nafasi ndogo ndogo za nyasi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba nyumba ile ilipumua. Ilivuta hewa njema, ikatoa hewa mbaya.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Mwenye kutafuta ukweli hasifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale tu. Moshi wa kuni uliwaumiza watu macho na vifua, hasa wanawake na watoto waliokaa karibu na mafiga. Cheche moja iliweza kuteketeza nyumba nzima. Hata leo moshi wa kupikia ni adui mkubwa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote. Wazee waliliona tatizo la moshi, wakalivumilia. Hata hivyo moshi ulikuwa na faida moja ambayo huenda hawakuihesabu: ulikuwa mlinzi. Moto ulipochafua hewa, macho yalichoma, mtu akakohoa, akaamka, akafungua mlango.

3. MKAA WA MFUA CHUMA

Msidhani kwamba wazee hawakuujua mkaa. Waliujua sana. Karagwe ilisifiwa kwa kazi ya chuma, na miongoni mwa vitu vya heshima vya wafalme wa Bweranyange vilikuwamo vitu vilivyofuliwa kwa chuma, hata mifano ya ng'ombe. Katika nchi ya jirani zetu Wahaya, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba ardhi katika miaka ya 1970, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa kiasi cha miaka 2,000. Tanuri hizo zilitumia mkaa wa miti, maana mkaa hutoa joto kali kuliko kuni.

Hapa natoa swali la kufikiri. Mkaa huo ulitumika wapi? Ulitumika kazini, mahali pa wazi au chini ya banda lililopitisha upepo. Mkaa ulikuwa chombo cha fundi. Haukuwa kitu cha kulala nacho. Mama aliyempikia mwanawe ndizi nyumbani alitumia kuni.

Andikeni jambo hilo katika madaftari: kuni zilikaa ndani ya nyumba iliyopumua, na mkaa ulikaa nje penye upepo.

4. MAMBO MATATU YALIYOBADILIKA

Mambo matatu yalibadilika, kila moja kwa wakati wake, na kila moja kwa sababu njema.

La kwanza ni nyumba. Kahawa ilipoleta fedha, watu walianza kununua mabati na kujenga kuta za tofali. Nyumba ya bati haivuji, haishiki moto kwa cheche, nayo hukusanya maji ya mvua. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mkulima arudi katika nyasi. Lakini bati ni jembamba kama karatasi. Mchana hupitisha joto la jua likaingia ndani. Usiku hupitisha joto la ndani likatoka nje. Tena kuta zilizopigwa lipu hazina nafasi za kupitisha hewa. Usiku tunafunga madirisha kwa hofu ya mbu, wezi na baridi. Basi nyumba mpya ina sifa mbili pamoja: ina baridi kuliko ya zamani, nayo haipumui.

La pili ni kuni. Watu waliongezeka, mashamba yakapanuka, miti ikapungua. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walikimbia mauaji ya Rwanda wakaingia katika mkoa wetu wa Kagera. Walikaa katika makambi ya Ngara na Karagwe, wengi wao mpaka mwisho wa mwaka 1996. Watu hao walihitaji kupika kila siku, na misitu iliyozunguka makambi ilikatwa sana. Wakati huo huo miji midogo kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda iliendelea kukua. Mtu wa mjini hana shamba la kuokota kuni. Hununua mkaa, kwa kuwa ni mwepesi kuchukuliwa, haujazi nyumba moshi, wala hautii masufuria masizi.

La tatu ni jiko lenyewe. Mafundi wa mijini walijifunza kukata mapipa ya zamani ya mafuta na vipande vya bati, wakatengeneza jiko dogo la kubebeka. Jiko la bati tupu lilipoteza joto jingi ubavuni. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa mambo ya nishati mjini Nairobi, na katika miaka iliyofuata wataalamu na mafundi wa Kenya walieneza jiko la bati lililotiwa udongo wa kuchomwa ndani yake. Jiko hilo lilipunguza mkaa unaotumika, likaenea mpaka kwetu Tanzania. Mwalikuta sokoni hata leo.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyumba ilibadilika. Kuni zikabadilika. Jiko likabadilika, likapata mpini, likaweza kubebwa kutoka jikoni mpaka chumbani. Lakini desturi moja haikubadilika, nayo ni kulala karibu na moto. Tumeutoa mkaa mahali penye upepo tukauingiza katika nyumba isiyopumua.

5. HEWA ISIYOONEKANA

Mkaa ukiwaka penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Kuni nazo huitoa, lakini kuni zina moshi wa kutuonya. Mkaa mwekundu hauna moshi, kwa hiyo mlinzi wetu wa zamani hayupo.

Sumu hii hufanyaje kazi? Damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini, kama gari lichukuavyo abiria. Kaboni monoksidi huingia katika gari hilo na kukaa katika viti vya oksijeni. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Gari hujaa abiria mwovu, na oksijeni hubaki kituoni. Kwanza kichwa huuma. Kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Aliyekwisha kulala huenda asiamke. Mama mwenye mimba yumo katika hatari zaidi, maana mtoto aliye tumboni hupumua kwa damu ya mama yake.

Dalili hizo zafanana na za malaria, ndiyo sababu watu hudanganyika. Lakini tazameni alama mbili. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wote pamoja, saa ile ile, shukuni hewa. Tena wakitoka nje wakapata nafuu, shukuni hewa zaidi.

Zipo imani tatu zinazoua. Wengine husema, "Mkaa ukiwa mwekundu wote, hatari imekwisha." Si kweli. Wengine hufunika mkaa kwa majivu. Lakini majivu huuzuia mkaa kupata hewa ya kutosha, na sumu huendelea kutoka. Wengine huweka sufuria ya maji chumbani. Maji hayainywi sumu hiyo.

6. ULAYA NAO WALIFUNZWA KWA MSIBA

Msidhani kwamba ujinga huu ni wetu peke yetu. Katika nchi za Ulaya, ambako maji huganda kwa baridi, watu walipasha nyumba joto kwa makaa ya mawe, yaani jiwe jeusi liwakalo linalochimbwa ardhini. Hapa Tanzania makaa hayo yapo Kiwira na Ngaka, upande wa kusini. Katika karne ya 19 nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa na jiko zito la chuma lenye mlango wa kutilia makaa, na nyuma yake bomba refu lililopeleka moshi na hewa mbaya nje. Bomba au mnara wa namna hiyo huitwa dohani. Kazi iliyofanywa na nyasi za msonge kwetu, kwao ilifanywa na dohani.

Dohani ikiziba, jiko au meko hugeuka kuwa mwuaji. Mwezi wa Septemba mwaka 1902 Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alilala na mkewe katika chumba chao mjini Paris. Moto wa makaa uliwashwa mekoni, madirisha yamefungwa, na dohani ilikuwa imeziba. Asubuhi watu walimkuta Zola amekufa, mkewe aliokolewa. Mtu huyo alikuwa na elimu, fedha na sifa ya dunia nzima. Hewa ile haikumwuliza cheo chake.

Katika miaka ile ile mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alichunguza hewa iliyowaua wachimbaji wa makaa ya mawe. Alishauri wachukue wanyama wadogo chini ya ardhi, maana mnyama mdogo hulewa sumu upesi kuliko mtu. Wachimbaji wakatumia ndege wadogo. Ndege akianguka, wote hutoka mbio. Wachimbaji wa Uingereza waliwatumia ndege hao mpaka mwaka 1986, vyombo vya umeme vilipochukua mahali pao.

Hata leo wako watu Ulaya na Marekani wapendao kutunza majiko ya kale ya chuma na kuyawasha wakati wa baridi. Lakini mwenye busara husafisha kwanza bomba, hutazama kama lina ufa, na huweka ukutani chombo kidogo kinacholia kengele sumu ikizidi. Jiko letu la mkaa halina bomba. Halikutengenezwa kupasha chumba joto. Lilitengenezwa kupikia mahali penye hewa.

7. TUFANYE NINI?

Najua sababu ya watu kuingiza jiko chumbani. Mara nyingi si uvivu, ni huruma. Kuna mtoto mchanga anayetetemeka, au mzee anayekohoa. Wengine huliingiza kwa kuhofia mvua au mwizi. Haifai kuwacheka watu hao. Yafaa kuwapa njia nyingine.

Kwanza, jiko lisilale na watu, wala katika chumba cha pili, maana hewa hupita chini ya mlango. Mkiogopa mwizi, uzimeni mkaa kabisa nje, kisha jiko lililopoa liingizwe.

Pili, oteni moto jioni, nje au katika jiko la kando lenye mlango wazi. Kisha laleni bila moto.

Tatu, tieni maji ya moto katika chupa yenye kifuniko imara, ifungeni kwa kitambaa kizito, muiweke miguuni mwa mgonjwa. Kwa mtoto mchanga, pasheni kitanda joto kwanza kwa chupa hiyo, muitoe, ndipo mtoto alale. Kifua cha mama yake ni joto jema kuliko jiko lolote.

Nne, na hapa turudi kwa wazee. Walijilinda kwa paa nene, nyasi za chini na moto, na tulichorithi sana ni moto. Turithi yale mengine. Mwenye nyumba ya bati anaweza kutia dari, hata ya matete au mikeka ya mafunjo, ili hewa iliyotulia ikae kati ya dari na bati. Chini ya godoro atandike mkeka mzito. Lakini aache matundu ya hewa juu ya ukuta.

Mkimkuta mtu amelewa hewa ya mkaa, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje upesi, wala msikae ndani kuuliza maswali. Mpelekeni zahanati au hospitali ili apewe oksijeni. Mwambieni mganga wazi, "Chumbani mlikuwa na jiko la mkaa." Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha.

Serikali nayo imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi. Ni jambo jema. Lakini baridi ya mwezi wa saba haitangoji mwaka 2034.

Mwaka 1973 kiasi cha watu wazima milioni 2 wa nchi hii walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya redio yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Hawakuishia kusikiliza, walitoka wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Nanyi fanyeni hivyo. Kila mmoja, kabla ya somo lijalo, azungumze na nyumba mbili za jirani juu ya jiko la mkaa. Aanze na nyumba yenye mtoto mchanga.

MANENO YA KUJIFUNZA
Dohani: bomba au mnara wa kutolea moshi nje ya nyumba.
Lipu: saruji au udongo unaopakwa ukutani.
Oksijeni: sehemu ya hewa tunayoihitaji ili kuishi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Tajeni mambo manne yaliyotia joto nyumba ya msonge.
2. Kwa nini moshi wa kuni ulikuwa adui na mlinzi pia?
3. Ni mambo gani matatu yaliyobadilika? Ni desturi gani haikubadilika?
4. Mtu akisema, "Nimefunika mkaa kwa majivu, hauna hatari," mtamjibuje?
5. Kila mmoja aandike sentensi tatu: nyumba yangu hupitisha hewa wapi usiku?

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Laleni salama, na jiko lilale nje.